Mnara Uliotembea

Simu tatu zililazwa mezani jikoni, kila moja na waya wake wa chaji, kama zilivyolazwa kwa miaka sita. Asubuhi, mbili kati yake zilikuwa vilevile. Ya tatu ilikuwa imejibadilisha yenyewe: sura mpya, maandishi mapya, na ujumbe mmoja katikati ya kioo. Sasisho limekamilika.

Mwenye simu hizo hakufurahi. Alikuwa mjane wa makamo, na kazi yake ilikuwa kupima mtandao. Kampuni ilimpa gari na simu tatu, naye alizunguka mtaa kwa mtaa akiandika mnara upi unafika wapi na wapi haufiki. Watu walimwita Mama Mtandao. Hakuna siku aliyopita sokoni asiulizwe, "Mama Mtandao, leo umetuletea au unapita tu?" Na wapimaji wana mwiko wao: simu ya kazi haipokei sasisho mpaka ofisi iseme. Kila sasisho huja na mkosi wake. Hili huficha menyu, lile husoma namba kwa makengeza. Yeye alikuwa amezima sasisho kwenye simu zote tatu, na alikumbuka kwa yakini, maana alizizima kwa Bismillahi, kama afanyavyo kila jambo.

Shemeji yake akaingia bila hodi. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na ndiye dereva wa gari la kazi.

"Shemeji, chai ya nyumba hii huwa inapikwa au inaombewa?"

"Inaombewa. Ila ikikuona wewe inakimbia."

Kidoti, binti yake wa miaka tisa, alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Mama hakucheka. Alikuwa amefungua programu ya kupimia kwenye ile simu iliyojibadilisha, na kwenye orodha ya minara, chini kabisa, palikuwa na namba 7114.

Namba hiyo aliijua kama mtu anavyoijua tarehe ya msiba. Ulikuwa mnara wa kilimani. Mumewe alikuwa mpanda minara, na miaka mitatu nyuma alianguka kutoka juu yake. Mkanda wake haukukatika. Ulikutwa mzima, umefunguliwa. Wiki ile ile mafundi wengine wawili walikataa kuupanda, wakasema juu kule kuna kitu kinawapumulia shingoni, na mwishowe kampuni ikaung'oa mnara, chuma kwa chuma. Pale kilimani sasa palibaki zege na majani.

Alitazama zile simu nyingine mbili. Hazikuiona 7114. Akapiga ofisini.

"Ni sasisho hilo, dada," kijana wa ofisini akamjibu huku akitafuna kitu. "Tangu alfajiri nalia nalo. Fanya kama kawaida. Ifunge simu kwenye huo mnara, halafu uuache nyuma. Namba ikiganda, ni uongo wa programu."

Ndivyo wapimaji wafanyavyo. Simu ikifungwa kwenye mnara mmoja, haitafuti mwingine. Inauita huo huo mpaka ifunguliwe. Alijua kwamba mnara ule haupo. Angeweza kuizima simu akanywa chai yake. Lakini moyo wa mjane una mlango wake wa nyuma, na kidole chake kilibonyeza kabla akili haijasema lolote: Funga hapa.

Kidoti wakamwacha kwa jirani wa mlango wa pili, bibi mmoja mnene, fundi cherehani, ambaye watu walimwita Bi Fundi na kumwendea kushonewa na kuombewa pia. Mama na shemeji wakapanda gari, wakakipa kilima mgongo.

Sasa, simu hupima kinyume. Namba kubwa maana yake mnara uko mbali. Kadiri inavyoshuka, ndivyo unavyoukaribia. Mia na ishirini, mnara uko huko kwenye upeo wa macho. Sitini, uko jirani. Arobaini, umesimama miguuni pake.

Walipoondoka ilisoma mia na kumi na nane. Walipopita sokoni, mia na nne. Kwenye daraja, tisini na moja.

"Tunauacha au tunaufuata?" shemeji akauliza.

"Tunauacha."

"Mbona basi unashuka?"

"Endesha tu, shemeji."

Redio ya gari ikaanza kukoroma ule mkoromo unaosikika simu inapotaka kuita, trr-tik-tik, trr-tik-tik, ila simu haikuita na mkoromo haukukoma. Kisha ikaja harufu. Kwanza ya kutu. Baadaye ya kamba iliyolowa, na nyuma yake ya nywele zinazoungua.

"Simamisha," mama akanong'ona.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, kwenye barabara pana yenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Shemeji akazima injini. Gari likatulia kabisa, na namba ikaendelea kushuka, hamsini na nane, hamsini na tano, hamsini na mbili, kwa mapigo yaliyolingana, kama nyayo, na mama akaelewa kwamba hawakuwa wao waliokuwa wakienda kwenye mnara bali mnara ndio uliokuwa ukija kwao, kwa miguu, bila haraka, ukipita katikati ya watu waliokuwa wakinunua misumari na mabati bila hata mmoja wao kugeuza shingo.

Arobaini.

Paa la gari likabonyea mpaka likagusa vichwa vyao. Kioo cha mbele kikapasukia ndani. Kitu kisichoonekana kikamshika shemeji kisogoni, kikampigiza uso kwenye usukani, mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila mara honi ililia fupi na damu ikaruka juu ya dashibodi. Mama akamng'ang'ania begani akipiga mayowe ya "Mwachie! Mwachie!" Ndipo simu ikasema mapajani mwake, bila kuita, kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu asubuhi ya msiba.

"Mke wangu."

Mwanamke aliyelelewa akaleleka, akiitwa na mumewe huitika. Ulimi ulimtangulia.

"Abee."

Shemeji akaachiwa, akaanguka pembeni akikoroma kwa damu. Sauti ikauliza kwa upole, kama mtu aliyetoka kazini:

"Kidoti yuko na nani?"

"Yuko nyumbani," akasema. "Kwa Bi Fundi." Na papo hapo akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini neno likishatoka halina kamba.

Namba ikaanza kupanda. Arobaini na nne. Sitini. Themanini na tano. Kile kitu kilikuwa kinaondoka, na safari hii hakikutembea. Kilikimbia.

"Nyumbani, shemeji! Nyumbani!"

Shemeji, pua imevunjika, jicho moja limefunga, akaendesha kupitia tundu la kioo kilichopasuka. Njiani mama alisoma dua zote alizozijua, na alizozisahau akamwomba Mungu amkumbushe.

Walikuta ua wa Bi Fundi umepinduliwa. Cherehani ya chuma ilikuwa imetupwa ukutani, ukuta umetoboka. Mwenyewe alikaa chini ameshika ubavu, paji la uso limepasuka, midomo bado inasoma. Mkasi wake ulikuwa umechomekwa mguuni mwake mpaka mpini.

"Mtoto?" mama akauliza.

Bi Fundi akaonyesha kwa kidevu.

Kidoti alisimama chini ya mnara wa tangi la maji, chuma kitupu chenye urefu wa ghorofa tatu, pale pale pembeni mwa ua. Kichwa alikiinamisha kama anayesikiliza ukuta. Shemeji akamkimbilia, akamkumbatia kwa nyuma.

"Kidoti, mwanangu, ni mimi baba mdogo."

Mtoto akageuza shingo, akauma. Ulisikika mlio kama wa mfupa wa kuku, na shemeji akarudi nyuma akipiga kelele, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakipo. Kidoti akakitema. Kisha akampiga teke la kifua lililomrusha hatua sita, akaanza kupanda.

Hakupanda kama mtoto. Mkono, mguu, mkono, mguu, mwili umeachana kidogo na chuma, magoti nje, na kila aliposhika alitoa sauti nene ya kuwajulisha walio chini, kama wafanyavyo wapanda minara: "Nimeshika! Nimeshika!" Mama alikuwa ameuona upandaji ule kwa mtu mmoja tu.

"Ulifanya nini?" Bi Fundi akamuuliza kwa sauti ndogo.

"Niliifunga simu kwenye ule mnara wa kilimani. Halafu sauti ya mume wangu ikaniita, nikaitika."

"Ewe mwanangu! Jini wa mnara ule walimbomolea nyumba yake, hana pa kukaa, nawe ukamwita kwa namba yake na ukaitika. Mfungulie aende!"

Mama akaishika simu. Alitafuta menyu ya kufungua. Haikuwepo. Sasisho lilikuwa limeiondoa, mahali pake pamebaki peupe. Akabonyeza kitufe cha kuzima mpaka ukucha ukavunjika. Simu ikabaki inawaka, moto kama pasi.

"Nitaivunja."

"Utaivunja, lakini si sasa." Bi Fundi alimkamata kifundo cha mkono. "Nguvu zinazomshikilia mtoto pale juu si zake. Ukizikata, atabaki na vimikono vyake vya miaka tisa. Shemeji yako amfikie kwanza."

Shemeji alikuwa ameshaanza kupanda. Alipanda kwa mkono mmoja na nusu, akiacha alama nyekundu kwenye kila chuma, na kila alipofika karibu, kisigino cha mtoto kilishuka usoni mwake. Jino la shemeji lilianguka miguuni pa mama. Hakurudi nyuma. Kidoti akafika ukingoni mwa tangi, akasimama, akaupa uwazi mgongo. Akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili.

"Mke wangu," simu ikasema. "Nimemshika. Vunja sasa."

"Usimsikilize!" Bi Fundi akafoka. "Jini huazima sauti, huruma haazimi!"

"Mama Kidoti. Ni mimi. Nimemshika mikono yote miwili. Huyu jini aliye juu yangu ana nguvu kuliko mimi. Vunja, nakuomba, sitaweza kwa muda mrefu."

Shemeji alikuwa bado hatua nne chini. Kisigino cha Kidoti kikateleza, kikaning'inia hewani. Mama alitazama juu, akamwona mwanawe amesimama kwa nusu ya unyayo, na akajua kwamba hata akingoja ni kuchagua, hata asipongoja ni kuchagua. Akamkabidhi Mungu. Akaiweka simu juu ya jiwe la kufulia, akanyanyua kile chuma cha cherehani kilichovunjika, akapiga.

Pigo la kwanza, simu ikapiga ukelele wa mumewe. Pigo la pili, ukelele ukawa wa watu wawili, mmoja akilia na mmoja akinguruma, na mitungi yote uani ikapasuka kwa pamoja. Pigo la tatu alilipiga akiwa amefumba macho, damu ya viganja vyake mwenyewe ikimtiririka mikononi, na alipoyafumbua, simu ilikuwa unga.

Kidoti akaanguka kinyumenyume.

Akaanguka kiasi cha urefu wa mkono mmoja, akasimama hewani. Mikono yake miwili ilikuwa imevutwa juu, kichwa kimelala begani, gauni linapepea kama nguo kwenye kamba. Pumzi moja. Pumzi mbili. Ya tatu shemeji alimfikia, akamvuta kwa gauni, akamkumbatia kifuani huku akilia kama mtoto yeye mwenyewe.

Bi Fundi alisoma dua katika nyumba ya kina Kidoti siku saba, mguu umefungwa kitambaa, asubuhi na alasiri. Shemeji alishonwa uso na mkono. "Sasa nikiomba chai nitahesabu vidole vyangu kwanza," akasema, na Kidoti akacheka, na nyumba ikapata pumzi. Harufu iliondoka. Redio ikasema habari zake bila kukoroma. Mama alirudisha gari na simu mbili zilizobaki, hakueleza sababu, na kila swala alisujudu muda mrefu zaidi, maana alikuwa na shukrani ambayo hakumwambia mtu. Aliamini kwamba kwa pumzi tatu Mungu alimpa mumewe ruhusa ya kumshika mwanawe.

Siku ya nane, mchana, alimwogesha mtoto. Kwenye mikono yote miwili, juu ya viwiko, zilikuwapo alama: vidole vinne na gumba, vikubwa, vya mwanamume. Alikuwa ameziona tangu siku ile na kuzibusu kimyakimya. Leo akathubutu kuuliza.

"Kidoti, nani alikushika kule juu?"

"Baba."

Machozi yakamtoka mama. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi. Baba yako alikupenda."

Mtoto aliutazama mkono wake, uso umekunjamana.

"Basi mwambie aniachie, mama. Ananiumiza."

Mama akatazama. Chini ya povu la sabuni, vile vidole vilizama ndani ya nyama ya mtoto, kimoja kimoja, taratibu, kama vya mtu anayeweka mshiko wake sawa kabla ya kuanza kupanda.