Viboko vya Buhare

Maiti ya Nyamhanga, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa Buhare, ilikutwa asubuhi kwenye mawe ya ufukweni, kifudifudi. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa kwa panga. Nzi walikuwa wamekwisha kutanda.

Inspekta Hamduni wa polisi Musoma alichuchumaa, akafunua shati lililolowa damu. Mgongo mzima ulikuwa umechanika.

"Alichapwa viboko kwanza, akiwa hai," alisema daktari. "Mikono ilifungwa kamba. Panga lilikuja mwisho."

Mjane wake, Robi, alikuwa akilia huku akijipiga kifua.

"Ni wauza bangi, afande! Tangu aanzishe ulinzi walikuwaga wanamtishia."

"Nani hasa?"

"Mdogo wake mwenyewe, Clementi. Ndiye anayeleta magunia hapa. Amekimbilia Bunda."

Jioni hiyohiyo Hamduni na askari wawili walivunja mlango wa chumba kimoja nyuma ya stendi ya Bunda. Clementi aliwarukia na kisu, akamchana askari mmoja shavu. Hamduni akamvunja mkono kwa kirungu, akamkandamiza sakafuni. Uvunguni mlikuwa na gunia la bangi.

"Umemuua kaka yako."

"Sijamuua! Nimuue yeye aliyeniokoa?"

Hamduni akampandisha shati. Kila muuza bangi aliyepita mikononi mwa sungusungu wa Buhare alitoka na makovu mgongoni. Mgongo huu ulikuwa laini.

"Walishawahi kukukamata?"

"Wiki jana."

"Mbona hawakukuchapa?"

"Kaka alinifungua kamba. Akaniambia nitoroke."

"Nani aliona?"

"Magesa. Ndiye aliyekuwa na zamu ya kunilinda. Kaka alimtuma maji, akarudi mapema. Mwanawe Mihayo walipomkamata, hakuna aliyemfungua."

Magesa, mvuvi wa makamo, walimkuta uani kwake akishona wavu. Hakukimbia.

"Mwanao Mihayo yuko wapi?" aliuliza Hamduni.

"Alikufa mwezi uliopita."

"Kwa ugonjwa gani?"

Mikono ya Magesa ilisimama kwenye wavu. "Tulikubaliana wote tuseme malaria."

"Nakuuliza wewe."

"Tulimchapa mpaka akafa. Alikutwa na misokoto ya bangi mfukoni. Misokoto tu, afande! Na aliyemuuzia ni Clementi."

"Panga liko wapi?"

"Nililitupa ziwani. Nitawaonyesha."

Alizungumza bila kuinua macho. "Nililia kwa Nyamhanga amsamehe mwanangu. Akasema sheria ni moja, hata angekuwa mdogo wake. Kisha nikamwona kwa macho yangu akimfungua huyo mdogo wake. Nilimvizia ufukweni, nikampiga ngwala, nikamfunga. Nikamchapa kama alivyochapwa mtoto wangu. Akaomba maji. Mihayo naye aliomba maji."

"Waliomchapa Mihayo ni akina nani? Nataka majina."

"Kila mwanaume wa Buhare. Lakini mzazi ndiye anayeanza, ndivyo tulivyopanga kwenye mkutano. Na mimi nilinyoosha mkono kukubali."

Hamduni alitoa pingu. Magesa akamnyooshea mikono yote miwili.

"Nilianza mimi, afande. Na nilipiga kwa nguvu, wasije wakasema nampendelea."