Komeo la Zizi la Butiama

Haya yalimkuta rafiki yangu Clementi, fundi redio wa Bunda. Alimtengenezea baba yake, mzee asiyeona, komeo la zizi linalovutwa na mota ndogo ya betri. Mzee akibonyeza rimoti pale kibarazani, linafunguka bila waya wowote. Ukame ukamaliza ng'ombe wote, kisha mzee naye akafuata. Jioni moja Clementi alikwenda Butiama kwa mama yake kuing'oa mota ile, walau imfae kazini.

"Rimoti iko wapi, mama?"

"Ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Tulimzika nalo, hakuna aliyekumbuka."

Giza lilikuwa linaingia. Clementi alichomoa betri, akazishika mkononi, akainama kutafuta bisibisi. Mota ikalia, ziii. Komeo likafunguka taratibu.

"Mama, betri nimeshatoa!"

"Inafanyaga hivyo kila jioni," mama alisema bila kugeuka. "Sogea, wapite."

Clementi akajibana kwenye nguzo, betri zikilowa jasho kiganjani. Ukapita muda wa kundi zima kuingia. Ziii, komeo likajifunga.

Halafu, ndani ya zizi tupu, akasikia kitu kinacheua.