Dawa Iko Jikoni

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kamanda alimwagilia bustani ya nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, kwa sababu binti huyo tangu alipojua kusema hakuwahi kuomba kitu. Alikuwa anaamuru. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa darasa la kwanza, walimwita Kinanda, kwa kuwa hakunyamaza mpaka usingizi umnyamazishe. Mbele, barazani, cherehani ya mama ilikuwa imekwisha kuanza kulia, na chini ya meza yake alilala mbwa wao mwenye jicho moja. Majirani walipomcheka mama kwa kufuga mbwa wa namna hiyo, mama alimpa jina Watasema. "Watasema, halafu watachoka," alisema, na kweli walichoka.

Nyanya na mpapai vilikuwa vya mama, lakini mahindi yalikuwa ya Kamanda. Alilima mwenyewe, akapanda mwenyewe, akapalilia mpaka viganja vikaota malengelenge. Mwalimu wa kilimo alikuwa ameahidi kuleta darasa zima kuyaona, na Kamanda alikwisha kuwatangazia wenzake kwamba siku hiyo watameza mate.

Tumbili nao walikuwa wameyaona. Walitoka kwenye miti iliyo ng'ambo ya mfereji, wakaruka ukuta, wakashuka bustanini kama watu walioalikwa. Mkubwa wao, mwenye sikio lililochanika, alikaa juu ya tangi la maji akitazama huku na kule wengine wakivuna. Kinanda alimwita Mwenyekiti, maana kazi yake ilikuwa kukaa tu. Kilichomuuma Kamanda zaidi ni jinsi walivyokula. Waling'ata hindi mara moja, wakalitupa, wakachuma jingine.

Siku moja Kamanda aliwavizia na manati. Alimlenga Mwenyekiti, lakini jiwe lilimpata tumbili jike aliyekuwa amebeba mtoto kifuani. Jike lilianguka, likainuka, likaondoka kwa miguu mitatu huku mkono mmoja ukining'inia. Kinanda aliangua kilio.

"Ana mtoto, dada."

"Na mimi nina mahindi," Kamanda akajibu. Kisha akaiga ule mwendo wa kuchechemea, akacheka peke yake.

Mama alipopata habari aliyachukua yale manati, akayafungia kabatini. Alisema vyandarua chakavu atavifua, na Kamanda atavishona viwe vifuniko vya kufunika mahindi mstari kwa mstari. Kamanda alinuna. Kushona kwa mkono kulikuwa kazi ya kuchomwa vidole, tena ya kukaa chini, na yeye alitaka tumbili wakome mara moja.

Siku chache kabla ya ugeni wa mwalimu, asubuhi ya mapumziko, tumbili walirudi. Kamanda alikimbilia barazani na hindi lililong'atwa mkononi. Mama alikuwa anampima mteja, pini zimejaa mdomoni.

"Mama, wananimalizia mahindi."

"Usihangaike, dawa yao iko jikoni," mama alisema kwa tabu, pini zikimzuia. "Nyuma ya mlango, ndani ya..."

Kamanda alikuwa keshaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, kuondoka kabla sentensi haijafika mwisho. Na maneno yenyewe alikuwa anayapenda. Watu husema "dawa yako iko jikoni" wanapomwandalia mtu adhabu, na Kamanda alitaka tumbili waadhibiwe.

Jikoni, nyuma ya mlango, lilikuwapo gunia la vyandarua vilivyofuliwa vikakauka. Juu yake mama alikuwa amechomeka sindano yenye uzi. Na juu ya rafu, nyuma ya sufuria kubwa, ilikuwapo pakiti ya sumu ya panya ambayo baba aliinunua. Nayo nyumbani kwao waliiita dawa. Kamanda alilitazama gunia, akaitazama rafu, akavuta kigoda.

Alizipasua ndizi mbivu kwa kisu, akatia unga wa ile pakiti ndani, akayabana maganda vizuri yasionekane. Akazipanga juu ya ukuta karibu na tangi. Watasema alimfuata akinusanusa, Kamanda akamfukuza kwa teke. Kinanda hakuambiwa kitu. Angeambiwa, angekwenda kumwimbia mama wimbo wote. Kisha akanawa mikono, akachukua ndoo, akaenda bombani, na huko alipiga gumzo na wenzake kwa raha kabisa.

Aliporudi, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa lile jike lenye mkono mbovu. Lilikuwa limelala chini ya mpapai, povu mdomoni, miguu ikitetemeka. Mtoto wake alikuwa bado ameng'ang'ania kifuani, ananyonya. Kamanda alisimama na ndoo yake kichwani. Alikuwa ametarajia kufurahi, na ni kweli alifurahi kidogo. Juu ya tangi Mwenyekiti aliishika ndizi, akainusa, akaitupa, akaenda zake.

Ndipo akasikia sauti ya mama, sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Kinanda alikuwa amejikunja sakafuni barazani, anatapika, mate yanamchuruzika, hasemi neno. Mteja alikuwa anahimiza apewe maziwa. Mama hakungoja maziwa. Alimbeba mtoto begani, akatoka mbio pekupeku kwenda kituo cha afya kilicho nyuma ya soko, na Kamanda akamfuata nyuma.

"Amekula nini?" nesi aliuliza huku anamlaza kitandani.

"Chai na mkate, kama sisi sote."

"Nyumbani kuna sumu yoyote?"

"Ipo ya panya, lakini iko juu. Huyu hafikii."

Kamanda aliitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, ina ufa uliopita chini ya kitanda. Aliogopa kipigo, aliogopa zaidi macho ya mama, na kichwani alikwisha kuiandaa sentensi yake ya kujitetea. Nesi akawageukia wote wawili.

"Kama kuna anayejua, aseme sasa. Mimi nikibahatisha nitakosea, na mtoto huyu hana nafasi ya kukosewa."

Kinanda alikoroma kidogo, akanyamaza. Kule kunyamaza kwake ndiko kulikomfungua Kamanda mdomo.

"Ni ya panya. Nilitia kwenye ndizi za tumbili. Mama alisema dawa yao iko jikoni."

Mama aligeuka polepole. "Nilisema nyuma ya mlango," alisema.

"Hayo mtazungumza baadaye," nesi akasema. "Kimbia ukalete pakiti. Itie kwenye mfuko, usiishike kwa mkono mtupu."

Kamanda hakuwahi kukimbia hivyo. Barazani, kwenye mlango, Watasema alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, ganda la ndizi mbele ya pua yake. Aliposikia nyayo alijaribu kutikisa mkia. Kamanda alimruka, akaingia jikoni, akaitia pakiti kwenye mfuko, akamruka tena wakati wa kutoka. Lile jicho moja lilimfuata mpaka getini. Hakuwa na muda wa kusimama, na jambo hilo lilimuumiza kuliko kipigo chochote alichokuwa anakiogopa.

Nesi aliisoma pakiti, akamwita daktari, nao wakajua la kufanya. Mama alipouliza kuhusu maziwa, nesi alimwambia kwamba maziwa si dawa ya kila sumu, na kwamba aliyekula sumu halishwi wala hanyweshwi kitu ovyo, hupelekwa hospitali pamoja na pakiti yenyewe. Ilikuwa jioni Kinanda alipofumbua macho. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini aliimba yote.

"Niliona ndizi ukutani, nikapanda kigoda nikachukua mbili. Moja nikampa yule tumbili mwenye mtoto, maana mkono wake mbovu, hawezi kupanda. Na mimi nikaonja ya pili. Ilikuwa chungu, nikampa Watasema."

Nesi alisema kuonja tu ndiko kulikomwokoa.

Kesho yake asubuhi baba alimpa Kamanda jembe na glavu zake za kazi, akamwonyesha mahali pa kuchimba, mbali na mboga. Watasema na lile jike walikuwa wamefunikwa kwa turubai.

"Na mtoto wa tumbili?" Kamanda aliuliza.

"Nimemkuta hapohapo kifuani kwa mama yake, amekufa," baba alisema. "Chimba liwe pana."

Alichimba mpaka yale malengelenge ya zamani yakapasuka. Baba alisimama kando muda wote, hakumsaidia wala hakumkemea. Walipomaliza kufukia, baba alizichoma ndizi zilizobaki na maganda yake, na sumu akaenda kuifungia karakanani kwake. Mama alikuja, amerudi kutoka kituo cha afya kubadilisha nguo, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nitakuuliza mara moja tu," alisema. "Ulipoingia jikoni, uliliona gunia la vyandarua?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Hakuna aliyekuwepo jikoni, na kosa lote lingebaki kwenye neno la mama.

"Nililiona."

"Ukajua kwamba ndilo nililolisema?"

"Nilijua, mama."

Mama alimtazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Basi hukukosea kusikia, mwanangu. Ulichagua. Neno lilikuwa moja, njia zilikuwa mbili, moja ya kushona na moja ya kuua, ukaona ya kuua ndiyo fupi. Umezoea kuamuru, lakini sumu haipokei amri, Kamanda. Uliituma kwa Mwenyekiti, yeye hakuigusa hata kidogo. Imewaua waliokuwa hawana kosa, na ilitaka kumchukua mdogo wako kwa sababu ana huruma ambayo wewe huna." Akafuta uso kwa kanga yake. "Na mimi nina kosa langu. Sumu haikai jikoni, wala haiitwi dawa. Kuanzia leo, katika nyumba hii sumu itaitwa sumu."

Kamanda alilia, na mama alimwacha alie.

Alishona siku zile zote baada ya shule. Sindano ilimchoma vidole, uzi ulikatika, akaanza upya. Mama alikagua kila mshono, na uliolegea aliufumua. Vifuniko vilipokamilika, baba alivifunga kwenye vigingi. Tumbili walikuja. Mwenyekiti alishuka mwenyewe kutoka kwenye tangi, akavuta chandarua, akakinusa, akazunguka mstari mzima, kisha akarudi ng'ambo ya mfereji na watu wake. Mwalimu alipoleta darasa, aliyasifu mahindi na zaidi akavisifu vile vifuniko. Kamanda alisema asante, akaenda kusimama nyuma ya wenzake.

Kinanda aliporudi nyumbani, kwanza kabisa alichungulia chini ya meza ya cherehani.

"Watasema yuko wapi?"

"Muulize dada yako," mama alisema.

Kamanda alipiga magoti, akamweleza yote, ndizi, pakiti, shimo, hakuacha kitu. Kinanda alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakuuliza swali hata moja, na siku hiyo nzima nyumba ilikuwa kimya.

Wiki kadhaa baadaye Kamanda alimletea ndizi nzuri, iliyoiva vizuri. Akaimenya mbele yake, akamega kipande akala kwanza, ndipo akampa. Kinanda aliipokea. Akaibeba kwa mikono miwili mpaka barazani.

"Mama, hii ni ya kula?"

Mama alisimamisha cherehani. Alimtazama Kamanda aliyesimama mlangoni.

"Usimkasirikie," alimwambia. "Mahindi uliyapalilia mpaka yakazaa. Kuaminiwa nako kunapaliliwa, tena kunachelewa kuliko mahindi. Anayetaka njia fupi huko hafiki."

Kamanda aliitikia kwa kichwa. Kinanda alikuwa bado ameishika ndizi, hajaila, anangoja. Mama akamwambia, "Kula, mwanangu," ndipo akala.