Shavu Lilipotulia

Nilitoka jioni kununua vifungo tu. Vifungo vyeupe vya sare za shule. Lakini tangu nilipopasuliwa sikio na kuwekewa mashine ya kusikia, sikuwa tena na safari fupi. Kila aliyenisalimia, shavu langu la kushoto liliruka na jicho likafumba. Muuza mkaa akadhani nimemkonyeza. Akachekelea, maskini, meno yote nje.

"Leo umeniona, fundi!"

"Nimekuona. Na mkeo pia nimemwona," nikamjibu. Jicho likafumba tena.

Mama mkwe, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, hakuona cha kuchekesha. "Hilo ni pepo," alisema kila siku. "Wamekufungua sikio, kimeingia kitu. Lisipotulia, mjukuu wangu namchukua."

Mjukuu ni binti yangu, Chiriku, jina tulilombandika kwa kuongea kwake. Masikio yangu yalikufa kabla hajazaliwa. Nilikubali kisu ili nisikie sauti yake, basi.

Nikarudi kwenye chumba changu cha kushonea. Nikavua mashine nikaiweka mezani, maana mlio wa cherehani ulinichezesha uso mzima. Bila mashine hiyo mimi ni gogo. Hata radi siisikii.

Nikashona. Giza likaanza kuingia.

"Hodi, fundi..."

Mwanamke alisimama mlangoni, amejitanda nguo nyeusi. Alinuka udongo uliomwagiwa maji. Nikamkaribisha.

"Nishonee gauni la mtoto," akanong'ona.

"Mtoto yuko wapi nimpime?"

"Mpime wako. Wanalingana."

Sauti yake ilikuwa laini, karibu mno, kama ya mtu aliyekuegemea begani. Na shavu langu... shwari. Nilifurahi, siwafichi. Hatimaye limepoa, nikajiambia.

"Likiisha, mvalishe," akasema. "Nitampitia."

Akatoka. Nikapeleka mkono nyuma ya sikio kuigusa mashine.

Hakuna kitu.

Mashine ilikuwa mezani.

Usiku ule nilimlaza Chiriku kati yangu na ukuta, nikakesha macho. Asubuhi nikamkabidhi kwa bibi yake, nikaenda hospitali kwa fundi wa mashine.

"Mle ndani ya sikio kuna nyaya," akanieleza. "Mshipa unaochezesha uso unapita jirani. Umeme unavuja kidogo, mshipa unashtuka. Nitazizima zile zinazouchokoza. Hakuna pepo, mama."

"Na yule niliyemsikia bila mashine?"

Akainua mabega. "Ubongo uliozoea ukimya hujitungia sauti."

Akazizima. Akapiga makofi, akaita, akapiga mluzi. Shavu halikutikisika. Nilitokwa na machozi ya furaha, maana sasa mama mkwe hakuwa na kisingizio cha kuninyang'anya mtoto.

Nikawahi nyumbani. Chiriku alikuwa bado kwa bibi yake, nami nikajifungia kwa komeo niweke vifungo. Gauni sikulikata, wala sikuwa na nia.

Jua likazama.

"Mama... nifungulie."

Sauti ya Chiriku. Nikainuka mbio, halafu nikasimama kabla ya kugusa komeo. Je, kama siye? Shavu halina la kuniambia, limekwisha zimwa. Nikavua mashine.

Kimya.

Nikashusha pumzi. Yule mwanamke hakuhitaji mashine ili nimsikie. Huyu anaihitaji, basi ni mwanangu. Nikavuta komeo. Chiriku alikuwa pale, vumbi miguuni, midomo ikienda mbio bila sauti. Nikamkumbatia mpaka akajinyonganyonga.

Akapeleka mdomo kwenye sikio langu.

"Mama, gauni langu limeisha?"

Nilimsikia. Neno kwa neno. Na mashine nilikuwa nimeishika mkononi, imezimika.

Mama mkwe anaapa kwamba alimfikisha mwenyewe hadi mlangoni. Mikono ni ileile, kovu la gotini ni lilelile. Nilirudi kwa fundi nikamwomba aziwashe tena nyaya alizozima. Alishangaa, lakini akaziwasha. Sasa mama mkwe akikohoa tu, shavu linaruka. Mlango ukigongwa, jicho linafumba. Amerudia wimbo wake wa pepo, nami nimemwacha aimbe.

Chiriku anaongea kutwa kucha. Hata usiku, mashine nikiwa nimeivua, namsikia akiongea gizani, na uso wangu hautikisiki hata kidogo. Nampakulia chakula, namwogesha, namsuka nywele. Nifanyeje? Nilikubali kisu ili nimsikie, na ninamsikia. Namwogopa, na ninampenda.

Jana aliniuliza tena habari za gauni. Nilimwambia sijapata kitambaa.