Kibao cha Chapuchapu

Kila Jumamosi Chapuchapu huamka alfajiri kumsaidia mama yake kuoka mikate ya kuuza. Jina hilo alipewa na mama kwa wepesi wa vidole vyake kwenye simu, naye akavimba kichwa kweli. Benki kuu ilipotoa pesa ya kidijitali, pesa ya kukaa kwenye simu tu, yeye ndiye aliyetundika kibao kwenye mlango wa duka lao: HATUPOKEI NOTI WALA SARAFU. Mama alikubali shingo upande, akaingiza akiba yake yote kwenye simu.

Basi Jumamosi moja mama akaenda kununua unga wa mikate ambayo huipeleka kila Jumapili hospitalini, kwenye wodi ya watoto. Simu ikakataa kulipa. Akajaribu tena, wapi! Mfumo wa benki kuu ulikuwa umeona malipo mengi madogomadogo ya alfajiri, ukayatilia shaka, ukaifunga akaunti mpaka ikaguliwe Jumatatu. Muuza unga alimwonea huruma, lakini hakopeshi. Na hospitali ikikosa mikate kesho, itatafuta mwokaji mwingine.

Mama aliporudi mikono mitupu na kumweleza, Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo hakukaa kulia. Alikishusha kibao, akajaza kapu mikate ya asubuhi ikiwa bado moto, akaingia mtaani. Aliwauzia wapakia mizigo wa stendi na fundi viatu, kisha akabisha kwa bibi wa jirani, ambaye hana simu.

"Kumbe hela zetu mnazitaka?" bibi aliuliza. "Nilidhani mmetususa."

"Samahani, bibi. Kosa lilikuwa langu."

Bibi akanunua mikate mitatu. Kapu likaisha, likajazwa, likaisha tena. Adhuhuri unga ulinunuliwa kwa noti zilizokunjamana, na jioni mikate ya wodi ikatoka jikoni.

Mama alimkalisha Chapuchapu kwenye meza ya kukandia.

"Pesa ya simu ni nzuri, mwanangu, haina shida ya chenji. Ila ufunguo wake anao mwingine. Akifunga, hata kwa kukosea, wewe unabaki nje. Noti inaweza kuibwa au kuungua, lakini hakuna wa kuifunga kwa mbali. Tutatumia zote mbili." Akaitazama miguu ya binti yake, imejaa vumbi hadi magotini. "Na leo si vidole vilivyotuokoa, ni hii miguu. Najivunia wewe."

Kesho yake bibi alikuwa wa kwanza dukani. Alisimama akasoma kibao kipya, KILA PESA KARIBU, kisha akatoa sarafu zake.