Gitaa la Ghizlan Juu ya Paa

Ulikuwepo kwenye ile harusi ya Casablanca, usijifanye. Ulimwona msichana akizimwa mbele ya watu, ukageuzia uso sahani ya kuku. Mimi sijasahau. Basi keti, usikie ulichokataa kukitazama.

Ghizlan alikuwa mpokea simu. Mchana kutwa, hedifoni masikioni, aliwahudumia Wafaransa walioamini kwamba anaitwa Sandrine, kwa kuwa kampuni haikulitaka jina lake. Jioni alivua hedifoni za kazi, akavaa zake, akapiga gitaa la umeme kimyakimya chumbani, maana majirani hugonga ukuta. Kazini jina limefichwa, nyumbani sauti imefichwa. Nanyi mnayaita hayo ustaarabu.

Jumamosi moja aliingia soko la Derb Ghallef, koti jekundu, raba miguuni, gitaa mgongoni, amekumbatia amplifaya ya dijitali, kikuza sauti cha gitaa lake, kama mtoto mgonjwa. Akaitua kwenye kibanda cha Zuheir, kijana mrefu mwenye shati lililotobolewa na cheche za kulehemu.

“Kaka, umeniuzia mzinga wa nyuki.”

Zuheir akaichomeka, akasikiliza, akacheka. “Nyuki umewafuga mwenyewe, dada. Humu ndani kuna sauti za kuigiza za amplifaya chungu nzima, nawe umeziwashia kila pambo. Mwangwi umejaa, mkwaruzo umejaa. Wewe mwenyewe uko wapi?”

“Nimejificha.”

Alisema kwa utani, lakini Zuheir hakucheka tena. Alizima mapambo yote, akachagua amplifaya moja tu, safi. “Anzia hapa. Ongeza mkwaruzo mpaka uanze kuuma, kisha rudi nyuma kidogo. Na ukitaka upole, usikimbilie kubadilisha mashine. Punguza sauti palepale kwenye gitaa lako.”

Ghizlan akapiga. Muuza simu wa kibanda cha pili akaacha kubishana bei.

“Unawafundisha wateja wote hivi?”

“Wenye koti jekundu tu.”

Tangu hapo simu za Zuheir hazikukatika, na jina la kazini akalifanya utani.

“Sandrine yupo?”

“Kafariki. Ongea na Ghizlan.”

“Ghizlan roho yangu, umekula?”

“Nimekula chapati, nimekula na maneno yako. Nimevimbiwa.”

Dada yake Zuheir alipokuwa anaolewa, Zuheir alimwomba Ghizlan apige na bendi, mbele kabisa. Mama yake Zuheir, Lalla Batul, angekuwepo, na wajomba pia. Ghizlan alielewa: akisikika pale, ataolewa yeye na gitaa lake. Asiposikika, watamtaka bila gitaa, au hawatamtaka kabisa.

Sauti yake akaitengeneza chumbani, kama tufanyavyo sote tunaoishi ukuta kwa ukuta: kwa hedifoni, chini kabisa. Sauti ikiwa ndogo, besi haisikiki vizuri, akaiongeza. Chumba kilikuwa kipweke, akaongeza mwangwi. Ikatoka laini kama hariri.

Ukumbini alipanda jukwaani na kaftani ya kijani, mkanda wa dhahabu kiunoni. Ngoma zikalia, spika zikafunguliwa, na ile hariri ikawa tope. Besi ilinguruma, mwangwi ukaumeza wimbo. Mjomba mmoja akaziba masikio. Zuheir, aliyekuwa kwenye mixa, mashine ya kupangia sauti za bendi, akamtazama mama yake, kisha akaishusha sauti ya Ghizlan mpaka mwisho. Vidole vya msichana viliendelea kucheza, hakikutoka kitu. Nawe ukaomba mkate.

Asubuhi simu ikalia.

“Mpenzi, ilikuwa inanguruma. Nilikuwa nakuokoa.”

“Besi ikinguruma unapunguza besi. Wewe ulinizima mimi.”

“Ilikuwa haraka, Ghizlan…”

“Ulimtazama nani kwanza? Mimi au mama?”

Zuheir akaanza kueleza habari za spika.

“Haya. Mpigie Sandrine. Yule amezoea kutosikika.” Akakata.

Kweli, sauti aliiharibu mwenyewe. Lakini iliyoharibika hutengenezwa. Nani aliwapa ruhusa ya kuizima?

Jumapili mchana, wanawake wakianika nguo, Zuheir alipanda mpaka juu ya paa la jengo la kina Ghizlan, spika begani. Akapiga simu.

“Njoo juu na gitaa na amplifaya yako.”

“Na majirani?”

“Ndio niliowafuata. Sauti ya hadharani inatengenezwa hadharani. Na lile swali lako: nilimtazama mama. Nisamehe.”

Alipanda na kanzu ya nyumbani, nywele hazijachanwa. Zuheir akaenda kusimama mbali, katikati ya mashati yaliyolowa, simu sikioni; ya Ghizlan ilikuwa juu ya amplifaya, imewekwa sauti ya nje.

“Punguza besi. Bado. Mwangwi toa. Sasa pandisha sauti za kati, gitaa linaishi hapo. Mkwaruzo nusu tu. Haya, fungua!”

Sauti ikasimama wima, safi, ikavuka mpaka paa la pili. Dirisha likafunguka chini, mama mmoja jirani akatoa kichwa.

“Punguzeni huko!”

Mkono wa Ghizlan ukakimbilia kitufe.

“Usiguse!” Zuheir akainama ukingoni. “Huyo ni mchumba wangu, mama! Anaitwa Ghizlan! Hapunguzi!”

“Mchumba wa nani?” Ghizlan akauliza simuni. “Nani kakujibu?”

“Ndiyo nakuuliza. Mama yuko kwenye ngazi na sukari ya posa. Nimemwambia, tunamuomba Ghizlan na gitaa lake, la sivyo turudi.”

“Akasemaje?”

“Akasema ngazi ni nyingi.”

Ghizlan akacheka huku anafuta machozi. “Basi safari hii mixa naishika mimi.”

“Ishike, roho yangu.”

Lalla Batul akatokea anahema, akakalia beseni lililopinduliwa. “Piga, mwanangu. Kule sikukusikia.”

Harusi yao ni Jumamosi hii, ukumbi uleule, na bibi harusi atapiga. Wajomba wameshaanza kunong'ona. Utakuwepo, najua, meza ya karibu na mixa. Weka sahani chini. Mkono ukinyooshwa kumshusha, ukamate. Na yule wa nyumbani kwako anayepiga kwa hedifoni nyuma ya mlango, usingoje Jumamosi. Inuka sasa hivi, mgongee, mwambie afungue spika.