Toba ya Kunong'onezwa

Kila siku nikitoka shule kazi yangu ilikuwa ile ile: kufagia nyuzi chini ya cherehani ya shangazi, kupanga vifungo kwa rangi, kisha kupiga pasi nguo zilizokwisha kushonwa. Shangazi alikuwa ameniahidi kwamba Jumamosi ningeketi kwenye cherehani, nishone sketi yangu ya kwanza. Nilihesabu siku.

Ijumaa, binti yake, tuliyemwita Kidoti, aliomba kupiga pasi gauni jeupe la muuguzi. Nikamwachia pasi, nikaenda kuteka maji. Niliporudi, baraza imejaa wateja, na mgongoni mwa gauni kuna alama ya pasi, kahawia kama ukoko wa sufuria.

"Ni yeye," alisema Kidoti, kidole kikinielekea mimi.

Nilifungua mdomo, lakini shangazi hakunipa nafasi. "Kesho usiiguse cherehani yangu," alisema mbele ya watu wote. "Aliyeshindwa na pasi ataiweza sindano?"

Muuguzi akatikisa kichwa. Mteja mmoja akacheka.

Jioni, tukiosha vyombo uani, Kidoti akaninong'oneza, "Jamani, nisamehe. Nimetubu."

Eti ametubu. Nilifura kwa hasira hadi sahani ikaniponyoka. "Umenichongea mbele ya kadamnasi, halafu unakuja kutubu mbele ya masufuria? Kwani sufuria ndizo zilizonicheka?"

"Sasa nifanye nini? Nimeshasema najuta."

"Unajuta nini?" Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mkasi mkononi.

Kidoti akakiri yote huku akilia. "Lakini nimetubu, mama."

"Unajua maana ya neno hilo?" Sauti ya shangazi ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyotutisha. "Toba ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Mshono ukienda kombo, mimi hufanyaje?"

"Unafumua."

"Kuanzia wapi?"

"Pale ulipopotoka."

"Basi. Machozi hayafumui mshono. Wewe ulipotoka wapi?"

"Barazani," alijibu Kidoti, akitazama chini. "Mbele ya wateja."

"Kesho utarudi hapo hapo."

Jumamosi muuguzi alikuja kuchukua gauni lake, shangazi akiwa ameshalitia mgongo mpya. Wateja wa jana walikuwepo, hata yule aliyecheka. Kidoti akasimama katikati yao. "Gauni nililiunguza mimi. Nilimsingizia ndugu yangu."

Nilidhani yamekwisha. Shangazi akavua miwani yake. "Na mimi nilimhukumu mtoto huyu papa hapa, bila kumwuliza hata neno moja," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nimesikia, shangazi," nilisema. "Lakini bado nimekasirika."

"Kasirika," alijibu, akinivutia kiti cha cherehani. "Anayetubu hurudi alipokosea na kupanyoosha. Hamwamrishi aliyekosewa asahau siku hiyo hiyo. Haya, keti."

Nikaketi. Mshono wangu wa kwanza ukaenda kombo, tena vibaya sana. Nilimtazama shangazi. Alinisogezea wembe tu, nami nikarudi pale nilipopotoka, nikaanza kufumua.